Kustawisha au Kugeuza? Istilahi ya Sayari na Funzo la Unguja

Miongoni mwa dhana za elimu ya anga zinazohitaji istilahi ya Kiswahili ni ile ya kuibadili sayari nzima, yaani hewa, maji na joto lake, ili binadamu aweze kukaa huko. Neno la Kiingereza la dhana hiyo lilibuniwa mwaka 1942 na mtunzi wa hadithi wa Marekani, Jack Williamson. Mwaka 1961 mwanasayansi Carl Sagan alipendekeza mwani mdogo usioonekana kwa macho upandwe katika mawingu ya Zuhura ili kuipoza. Nasi wa Unguja mambo ya anga si mageni kwetu, kwani hadi mwaka 1964 palikuwapo Tunguu kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vyao vya angani.

Maneno mawili yafaa kupimwa: kustawisha sayari na kugeuza sayari. Tunaonelea kuwa kuchagua moja kati ya hayo si suala la sarufi tu, bali ni la maadili pia. Historia ya kisiwa chetu ni shahidi.

Katika karne ya 19, zama za Seyyid Said, sehemu kubwa ya magharibi ya Unguja ilifyekwa ikapandwa mikarafuu, mti ambao asili yake ni visiwa vya Maluku. Kwa mwenye shamba, nchi ilistawi. Kwa mtumwa aliyelima na kuchuma, na kwa Mhadimu aliyepoteza ardhi, nchi ilikuwa imegeuzwa tu. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na hapo ikadhihirika hatari ya kutegemea zao moja.

Katika miaka ya 1890 waliletwa kunguru kutoka Bara Hindi ili wale taka za mjini. Nia ilikuwa usafi. Kunguru wakazaliana, wakala mayai na makinda ya ndege wa asili, na hadi leo, baada ya zaidi ya miaka 100, hawajaondoka.

Yawezekana mtu akasema kwamba Mirihi haina Mhadimu wala ndege. Lakini haijathibitishwa kuwa haina uhai wowote, hata ule mdogo kabisa. Aidha, Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha sayari, na unazitaka nchi zijiepushe na kuzichafua.

Neno kustawisha hutoa hukumu kabla ya ushahidi, tena halisemi ni nani atakayestawi. Kwa hiyo tunapendekeza ugeuzaji wa sayari. Vivyo hivyo, mahali watakapokaa watu huko paitwe makazi, si koloni, maana neno hilo la pili sisi tunalijua vyema.

Wasomaji wenye pendekezo lililo bora zaidi tunawaomba watuletee, pamoja na hoja zao.