Kumwosha na Kumchana Mbwa wa Ulinzi: Hukumu na Namna ya Kujitwaharisha

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake. Amma ba'd:

Tunaulizwa sana na ndugu zetu wanaofuga mbwa wa ulinzi, na walioajiriwa majumbani na wakapewa kazi ya kumwosha mbwa wa tajiri: Je, tunapata dhambi? Na Swalah zetu zinakuwaje?

Hukumu ya kumfuga

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Asiyekuwa na haja hizo hupungukiwa na thawabu zake kila siku. 'Ulamaa wengi wamekisia ulinzi wa nyumba juu ya hayo. Ama kumfuga kwa pambo tu, haifai.

Kumwosha si dhambi

Kwetu sisi Mashaafi'iy, mbwa mzima ni najisi nzito. Mahanafi wanaona najisi ni mate yake, si manyoya, na Imaam Maalik anaona mbwa ni twahara. Hata hivyo, najisi ni jambo la kuoshwa, si dhambi. Lililokatazwa ni kujipaka najisi bila ya haja, na kumsafisha mnyama aliye mikononi mwako ni haja. Tena aliyemfunga mbwa kisha akamwacha na kupe na uchafu, huyo ndiye wa kuogopa. Yule aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa na Mola wake.

Namna ya kumwosha

1. Mchane akiwa mkavu, nawe mikono mikavu. Najisi haihami baina ya vikavu viwili, na manyoya yaliyofungamana hukazana zaidi yakirowa.

2. Muoshee nje, si katika choo mnachotilia udhu. Weka nguo maalumu ya kazi hiyo na vaa glavu za mpira.

3. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya mbwa, kwani ngozi yake si kama ya binadamu. Usimtie maji masikioni wala sabuni machoni. Msuuze vizuri, kisha mfute kwa taulo lake.

4. Usimwoshe kila mara, ngozi itakauka. Dawa ya kupe na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kazi ya daktari wa mifugo.

Namna ya kujitwaharisha

Palipoguswa na mbwa hali ya kuwa yeye au wewe ni majimaji, paoshwe mara saba, moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na bora iwe ya kwanza. Hivi ndivyo ilivyothibiti katika Hadiyth ya Abu Hurayrah kuhusu chombo alichoramba mbwa. Ukihitaji kuosha mara kadhaa mpaka najisi yenyewe iondoke, zote huhesabiwa ni mara moja. Kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa sabuni haisimami mahali pa udongo. Wapo 'ulamaa, wakiwemo Mahanbali, walioiruhusu, na aliyekosa udongo ghorofani ana nafasi katika kauli hiyo.

Unywele mkavu ulioanguka juu ya nguo kavu huondolewa tu, lakini uondoe kabla ya kuswali.

Kosa linalojirudia

Wengi hudhani kumgusa mbwa kunavunja udhu, au kunawajibisha kuoga. Si kweli. Udhu wako upo. Kinachotakiwa ni kuosha palipopatwa na najisi. Tumewaona vijana wakiacha Swalah mpaka usiku kwa kisingizio cha "nimeshika mbwa". Kosa hilo ni kubwa zaidi kuliko najisi yenyewe. Weka ndoo ya maji na kopo la udongo safi kazini kwako, na Swalah uisimamishe kwa wakati wake.

Na Allaah Anajua zaidi.