Mchekeshaji Aliyepanda Mimbarani

Watu wengi hudhani kwamba uigizaji na mimbari ya kanisa ni vitu viwili visivyopikika katika chungu kimoja. Lakini wewe msomaji, ukiyachungua mambo yaliyopita ya Afrika Mashariki, utaona kwamba vilikutana zamani. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, lilianzisha kazi ya kutengeneza sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Waigizaji walikuwa Waafrika. Mpaka kazi hiyo ilipokoma mwaka 1937, sinema 35 zilikuwa zimetengenezwa, nazo zikachukuliwa kwa lori na kuonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Zilifundisha habari za malaria, za kodi, na za kuweka akiba posta. Hata hivyo wenye kutoa mafunzo walikuwa wageni. Mwigizaji alitenda kama alivyoagizwa, basi.

Siku hizi mambo yamegeuka, na mwigizaji mwenyewe ndiye ahubiriye. Mfano ulio karibu nasi ni Emmanuel Mgaya wa Tanzania. Huenda jina hilo hulijui, lakini nikikutajia Masanja Mkandamizaji utatabasamu, kama wanavyotabasamu wanafunzi hapa Machakos. Katika miaka ya 2000 yeye na wenzake, akina Joti na Mpoki, waliibuka katika televisheni ya EATV na mchezo ulioitwa Ze Comedy. Waliwaiga wanasiasa na waimbaji, wakaiga mwendo wao na matamshi yao, hata watu wakawa wakiacha shughuli zao jioni ili wawatazame. Baadaye jina la mchezo likazua mgogoro; kundi likahamia televisheni ya taifa, TBC, likajiita Orijino Komedi.

Masanja hakuridhika na kuchekesha tu. Aliimba nyimbo za Injili, akalima mpunga huko Mbarali, kisha akahubiri, hata akawa mchungaji wa kanisa Dar es Salaam. Hapo ndipo penye swali zito. Je, mtu ambaye kwa miaka mingi amelipwa ili ajifanye asiye yeye, utamwamini vipi akisema sasa hafanyi mzaha? Sisi walimu twalijua jambo hili kwa kiasi chetu. Darasa ulilolichekesha Jumatatu halijui kwamba umekasirika Jumanne.

Swali hili si la Tanzania peke yake. Huko Ghana yuko Majid Michel, aliyezaliwa Accra mwaka 1980. Mwaka 2012 alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ya Africa Movie Academy Awards kwa filamu ambayo ndani yake aliigiza watu watatu, na mmoja wao alikuwa kasisi. Miaka michache baadaye akawa mhubiri kweli. Yeye alitangulia kulivaa joho katika mchezo, ndipo likaja la kweli. Nami naona mzigo wake ulikuwa mwepesi kidogo, kwa kuwa watazamaji walikwisha kumwona akitoa machozi. Masanja walimwona akiwachekesha.

Tena kicheko kina mipaka yake. Mwaka 2015, baada ya mbunge wa Ludewa, Deo Filikunjombe, kufa katika ajali ya helikopta, Masanja aliomba uteuzi wa chama cha CCM katika jimbo hilo. Hapana shaka kila mpiga kura alimjua. Uteuzi akapewa mwingine.

Kanisani mambo yalikwenda vingine, kwani pale hakuyaacha maskhara yake mlangoni. Huhubiri kwa ulimi uleule wa utani. Wasikilizaji hucheka, kisha ghafula hunyamaza. Jina la mchezo nalo hakulivua. Hata walio wakubwa kwake kwa umri humwita Mchungaji Masanja. Wamwitao Mchungaji Mgaya ni wachache.