Saa 51 na Saa 26: Wapigaji Wawili wa Kigali

Insha hii ilianza kwa ubishi nyumbani kwetu Kicukiro. Kaka yangu na rafiki yake hawachoki kubishana kuhusu mpigaji bora wa zama zetu katika kriketi ya testi, ile inayochezwa kwa siku tano. Mmoja anamtetea Virat Kohli wa India, mwingine Joe Root wa Uingereza. Kohli alistaafu mechi za testi Mei 2025 akiwa na mikimbio 9,230 katika mechi 123. Root amekwisha kupita mikimbio 13,000. Wa Root hutaja hesabu. Wa Kohli hutaja ushindi aliouletea India akiwa nahodha. Hawajapatana hadi leo, lakini angalau wanawapima kwa mizani moja.

Siku moja niliwauliza, "Na wapigaji wetu wa Kigali je?" Kaka alicheka, akanikumbusha kwamba Rwanda haichezi testi. Ni kweli. Nchi zenye hadhi hiyo ni 12 tu, na sisi hatumo. Hata hivyo tunao wapigaji wawili ambao majina yao yaliingia katika rekodi za dunia za Guinness kwa kupiga mpira muda mrefu bila kuondoka kwenye wavu wa mazoezi. Eric Dusingizimana alipiga kwa saa 51 mwaka 2016. Cathia Uwamahoro alipiga kwa saa 26 mwaka 2017. Kaka akasema, "Basi insha yako imekwisha. 51 ni karibu mara mbili ya 26." Nitaonyesha kwa nini haikwisha.

Kwanza, tukumbuke mchezo huu ulifikaje kwetu. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitawaliwa na Waingereza, nao walikwenda na kriketi yao. Rwanda ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji, ambao hawakuwa watu wa mchezo huo. Kriketi ilikuja hasa na Wanyarwanda waliorudi nyumbani baada ya 1994, wengi wao wakiwa wamekulia uhamishoni katika nchi jirani. Ilipita njia ileile iliyopitiwa na Kiswahili cha nyumba nyingi za Kigali, pamoja na cha nyumbani kwetu. Chama cha kriketi cha Rwanda kilianzishwa mwaka 1999, na mwaka 2003 kikapokewa katika baraza la kriketi la dunia.

Tatizo lilikuwa uwanja. Kwa miaka mingi wachezaji walitumia uwanja ulio katika eneo la iliyokuwa shule ya ufundi ya ETO, hapa Kicukiro. Kila Mnyarwanda analijua jina hilo. Mwezi Aprili 1994 maelfu ya watu walikimbilia shuleni hapo kwa sababu palikuwa na askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondoka. Watu walioachwa walipelekwa kwenye kilima cha Nyanza, na zaidi ya 2,000 wakauawa. Vijana wa kriketi walijifunza mchezo wao mahali hapo. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba Dusingizimana na Uwamahoro walikuwa wakiutafutia mchezo uwanja, aelewe kwamba haikuwa suala la nyasi nzuri tu.

Dusingizimana alikuwa nahodha wa timu ya taifa. Tarehe 11 Mei 2016 aliingia katika wavu uliowekwa kwenye Petit Stade, ukumbi ulio jirani na Uwanja wa Amahoro, Remera. Nia yake ilikuwa kuchangisha fedha za kujenga uwanja mpya. Mbele yake kulikuwa na rekodi ya Virag Mare wa India, aliyepiga kwa zaidi kidogo ya saa 50. Kanuni iliruhusu mapumziko ya dakika 5 kwa kila saa. Kwa hesabu hiyo, katika saa zote 51 alistahili mapumziko ya saa 4 na robo tu. Warushaji walibadilishana, yeye alibaki. Tarehe 13 Mei alitoka akiwa ameivunja rekodi ya Mare.

Tarehe 10 Februari 2017, Uwamahoro, mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, aliingia katika ukumbi huohuo kwa ajili ya mchezo uleule. Alipiga usiku kucha hadi siku ya pili, akawa mwanamke wa kwanza duniani kufikisha saa 26.

Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika kama kaka: Dusingizimana ni mkubwa zaidi kwa sababu 51 inaizidi 26. Mwalimu wangu aliandika pembeni, kwa wino mwekundu, swali moja: "Kila mmoja alianzia wapi?" Nilikasirika kidogo, kisha nikaanza upya.

Dusingizimana alianzia kwenye alama iliyowekwa na mtu mwingine. Alijua kwamba akiivuka saa ya 50 na dakika zake amefika. Hilo ni jambo gumu, kwani alama ya mwenzako haikuruhusu kuchoka mapema. Lakini pia inakuonyesha kwamba mwili wa binadamu unaweza, maana yupo aliyekwisha kuweza. Uwamahoro hakuwa na mwanamke wa kufuata. Saa zake 26 hazikuwa nusu ya kazi ya mwanamume. Zilikuwa mwanzo wa hesabu. Ndiyo maana nasema kaka alitumia mizani isiyofaa.

Sitaki pia kudanganya kwa kumpendelea dada. Kwa uvumilivu wa mwili peke yake, usiku mbili bila kulala kitandani ni zaidi ya usiku mmoja, na heshima hiyo ni ya Dusingizimana. Tena yeye ndiye aliyetangulia na kuonyesha kwamba rekodi ya dunia inaweza kuwekwa Remera. Wala wote wawili hatuwezi kuwaweka sawa na Kohli na Root. Kwenye wavu wa mazoezi hutolewi nje ukikosea. Katika testi, Hanif Mohammad wa Pakistani alikaa dakika 970 dhidi ya West Indies mwaka 1958, zaidi ya saa 16, akijua kwamba kosa moja lingemaliza kazi yote.

Tuangalie basi kilichofuata. Tarehe 28 Oktoba 2017 uwanja mpya wa kriketi ulifunguliwa Gahanga. Jengo lake lina matao yanayofuata mdundo wa mpira, na vigae vyake vilitengenezwa kwa udongo wa hapahapa. Januari 2023 wasichana wa Rwanda walicheza Kombe la Dunia la walio chini ya miaka 19 nchini Afrika Kusini. Waliifunga Zimbabwe, kisha wakaifunga West Indies. Dhidi ya Zimbabwe, Henriette Ishimwe aliwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo. Mwanahistoria asiseme kwamba saa 26 ndizo zilizozaa ushindi huo. Makocha, shule na uwanja vyote vina sehemu yao. Lakini wasichana hao walikua katika nchi ambayo tayari ilikuwa na jina la mwanamke katika mchezo huu.

Mdogo wetu wa kike, mwenye miaka 11, sasa huenda Gahanga kila Jumamosi. Nilipomsomea kaka insha hii, alikubali nusu tu: Dusingizimana, alisema, bado ni wa kwanza. Nikamjibu kwamba kwa saa ni kweli. Kisha nikamwomba amuulize mdogo wetu ni rekodi ipi anayotaka kuivunja. Hakuhitaji kufikiri. "Ya dada Cathia," alisema. "Halafu ya kaka Eric."