Mkarafuu na Bei Khiyari

Mtu apandaye mkarafuu hupanda kwa ajili ya siku asizozijua, kwani mche ule haumpi mwenyewe hata konzi moja kabla ya kupita miaka sita au minane, na baada ya hapo, ukijaaliwa, huwazalia wanawe na wajukuu zake. Mti huu uliletwa Unguja kutoka visiwa vya Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, akauamini kuliko wote, hata matajiri wa mji wakamfuata kupanda. Waliopalilia na kuchuma walikuwa watumwa waliotolewa bara, na hesabu ya utajiri ule isiyowataja ni hesabu pungufu.

Karafuu huchumwa mbichi, kabla ya ua kufunguka, huchambuliwa makonyo, ikaanikwa jamvini hadi igeuke hudhurungi. Ukiivunja kwa kidole ikalia, imekauka. Lakini kwa kuwa wote walipanda kwa pamoja, wote walichuma kwa pamoja, na bei ya frasila ikaporomoka, wenye mashamba wakahitaji kukopa.

Hapo ndipo ilipoingia bei khiyari. Kwa kuwa riba ni haramu, mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa sharti la kulikomboa muda ukifika, naye akabaki humo humo akilipa ijara. Na ijara ile, ingawa sheria iliiita kodi, mfukoni ilikuwa riba. Simlaumu mkopeshaji peke yake, maana fedha nyingi zilikwenda katika harusi, matanga na fahari ya nyumba, mambo yanayokwisha kwa siku saba, ilhali rehani yake ilikuwa mti wa kudumu umri wa watu wawili. Waliotazama mbali, kwa maoni yangu, ni wale waliofanya sehemu ya mashamba yao wakfu wa dhuria, usiouzika wala kuwekwa rehani.

Kisha, mwezi wa Aprili 1872, ikavuma tufani iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Bei ikapanda, aliyekuwa na shamba Pemba akaneemeka, na aliyeweka mali yake yote Unguja, kwa bei khiyari, akabaki na miti iliyolala chini na ijara iliyosimama pale pale. Wenye uwezo walitia miche upya katika mashimo ya ile iliyong'oka, wakaanza tena kuhesabu miaka.