Kengele Iliyonyamaza: Marekani na Kanada, 14 Agosti 2003

Umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Sehemu kubwa ya ule unaozalishwa sasa hutumika papo hapo. Kwa hiyo mitambo na watumiaji hawana budi kwenda sambamba. Ndiyo sababu gridi huongozwa kutoka chumba cha udhibiti, ambamo kompyuta hupokea vipimo vya vituo na nyaya kila baada ya sekunde chache, na kupiga kengele mambo yanapokwenda mrama. Je, kengele yenyewe ikinyamaza?

Marekani na Kanada ni majirani ambao gridi zao zimeungana. Alasiri ya tarehe 14 Agosti 2003, mnamo saa 8 na dakika 14, programu ya tahadhari ya kampuni ya FirstEnergy, jimboni Ohio, ilikwama kwa kosa lililokuwa limejificha ndani yake. Skrini ziliendelea kuwaka, hivyo waendeshaji wakadhani mambo ni shwari. Baadaye seva kuu ilizimika, kisha ile ya akiba. Mafundi wa kompyuta walijua habari za seva, lakini hawakuwaarifu waendeshaji.

Kati ya saa 9 na dakika 5 na saa 9 na dakika 41, njia tatu za kilovolti 345 zilikatika moja baada ya nyingine. Nyaya zilikuwa zimelegea kwa joto, zikagusa miti iliyoachwa ikue kupita kiasi. Majirani katika gridi walipiga simu kuuliza kulikoni. Waendeshaji walitazama skrini, wasione tatizo, wakaiamini mashine kuliko jirani.

Mzigo wa njia zilizokatika ulihamia njia nyingine, nazo zikaelemewa. Kufikia saa 10 na dakika 13, mitambo zaidi ya 500 ya kuzalisha umeme ilikuwa imejizima ili isiharibike. Watu wapatao milioni 50, kuanzia Ohio hadi New York na mkoa wa Ontario nchini Kanada, walikosa umeme. Jijini New York abiria walikwama ndani ya treni za chini ya ardhi.

Serikali hizo mbili ziliunda tume ya pamoja, iliyotoa ripoti yake ya mwisho Aprili 2004. Mwaka 2005 Marekani ikatunga sheria: kanuni za usalama wa gridi, zilizokuwa za hiari, zikawa za lazima.

Habari hii inatuhusu. Uganda na Kenya zimeunganishwa kwa nyaya tangu miaka ya 1950, na sasa njia ya kilovolti 400 imeiunganisha Kenya na Tanzania. Hitilafu ya upande mmoja yaweza kuvuka mpaka bila hodi. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kompyuta tuzitumie, miti tuikate mapema, na jirani akipiga simu, tumsikilize.