Jengo la watalii Kilindini

Wadau, sisi wa Mwamapalala meli zetu ni zile za Mwanza, lakini hili la Mombasa linatuhusu wote tunaoamini kwamba majengo ndiyo huleta wageni.

Novemba 2005 maharamia wa Kisomali waliirushia roketi Seabourn Spirit, meli ya kifahari iliyokuwa ikielekea Mombasa. Ikaponyoka, ikakimbilia Ushelisheli. Aprili 2009 ikawa zamu ya MSC Melody; walinzi wake wakajibu kwa risasi. Baada ya hapo kampuni nyingi zikaipa mgongo pwani yetu. Nani aliumia? Wenye meli walibadili njia tu. Mchonga vinyago na dereva wa teksi wa Mombasa wangehamia bahari gani?

Uharamia ulipopungua baada ya 2012, Mamlaka ya Bandari Kenya na TradeMark East Africa waligeuza ghala la zamani la mizigo kuwa jengo la abiria wa meli za kitalii. Jengo zuri, sibishi. Ila meli zilifukuzwa na bunduki, si na ubovu wa ghala. Na mwishoni mwa 2023 Wahouthi walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, kampuni za utalii zikaanza tena kubadili njia.