Mjumbe wa Tarakimu Ishirini: Mita ya Umeme na Kompyuta ya Shirika katika Historia ya Afrika Mashariki

Historia ya mita za kielektroniki husimuliwa kwa kawaida kama historia ya nyaya na mawimbi: mita iliunganishwa na kompyuta ya shirika, na binadamu akaondoka katikati. Masimulizi hayo yanaifaa Italia. Kuanzia mwaka 2001, shirika la Enel lilifunga mita karibu milioni 30 zinazotuma taarifa kupitia waya uleule wa umeme hadi kwenye transfoma, kisha kwa mtandao wa simu hadi kompyuta kuu. Hayazifai Dar es Salaam, Kampala wala Kigali. Huku kompyuta na mita zimezungumza kwa miaka mingi kupitia vidole vya mteja.

Chimbuko la utaratibu huu ni Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la Eskom lilikuwa likipeleka umeme kwa kaya nyingi zilizonyimwa huduma hiyo chini ya ubaguzi wa rangi, lakini mita za watengenezaji mbalimbali hazikuelewana na mashine za kuuzia. Suluhisho likawa kanuni moja iliyoitwa STS, ambayo baadaye ilifanywa kiwango cha kimataifa. Kanuni hiyo hufumba kiasi cha umeme na wakati wa mauzo kwa ufunguo wa mita husika, kisha huvitoa kama tarakimu 20. Haikuhitaji waya, kipande cha karatasi kilitosha. Ubunifu huo unastahili sifa kubwa kuliko inavyopewa, kwani uliwezesha mtandao wa mita pasipo mtandao wa simu.

Ulipovuka mipaka, kila nchi iliupa jina lake. Tanzania iliunda LUKU, kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na kifupi hicho kikageuka nomino ya kawaida: watu hununua luku, na luku huisha usiku. Uganda ilichagua Yaka, neno la Kiganda lililo ndugu wa kitenzi waka cha Kiswahili. Rwanda na Burundi zilibaki na Cashpower, na Wakenya husema tokeni. Hakuna jina hata moja kati ya hayo linalomtaja mteja kuwa mjumbe, ingawa ndiye aliyeibeba kazi yote.

Uzito wa kazi hiyo ulidhihirika mwaka 2024. Mita za STS zilikuwa zikihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993 katika nafasi ya biti 24, na nafasi hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingerekebishwa ingekataa tokeni mpya. Kwa kuwa shirika halikuwa na njia ya kuifikia, ilibidi mteja mwenyewe aingize tarakimu 20 mara mbili, kwa mpangilio, ndipo aingize zile za umeme alionunua. Jumla ni tarakimu 60. Matengenezo ya kiufundi yaligeuka suala la lugha: ufunguo wa usimbaji uelezwe vipi kwa mpangaji anayetaka taa tu, na neno kwanza liwekwe wapi katika ujumbe mfupi wa simu ili lisipuuzwe?

Sasa zinakuja mita janja, zilizoitwa hivyo kwa mfano wa simu janja, ingawa mjanja katika Kiswahili hasifiwi daima. Hizi hupokea amri moja kwa moja na hurudisha taarifa za matumizi, jambo ambalo tarakimu 20 hazikuweza: kompyuta ilijua kilichouzwa, haikujua kilichotumika. Shirika litagundua wizi wa umeme mapema zaidi. Litaweza pia kukata umeme bila fundi kufika na bila mteja kuona ujumbe wowote. Kanuni za mita hizi bado zinaweza kulazimisha kila amri ionekane kwenye kioo cha mita, kwa maneno ya Kiswahili badala ya herufi za mkato, pamoja na saa ilipotolewa.